Sosi ya jogoo, kifuniko cha kijani: nimeitumia toka 2016, haya ndo ninayoyajua

Hii chupa wengi mmeshaiona hata kama jina hamlijui. Chupa laini ya plastiki, ndani nyekundu, mbele kasimama jogoo mweupe, maandishi yamejaa kila upande, Kichina, Kivietnam, Kiingereza, na juu kifuniko cha kijani chenye ncha kama ya chupa ya gundi. Sosi inaitwa Sriracha, kampuni inaitwa Huy Fong Foods, wapo California. Mimi nimeanza kuitumia 2016 na sijawahi kuiacha isipokuwa kile kipindi ilipopotea madukani, hiyo ntaieleza huko mbele. Kila mtu akihamia huku Marekani akinipigia simu kuniuliza kaka huku wanakula pilipili gani jibu langu ni hilohilo, ila kwenye simu huwa nalitoa nusunusu, leo nalitoa lote.

Nilikutana nayo hivi. Ndo kwanza nimeingia Houston, napiga shifti ya usiku weahausi, kazi kubeba na kupanga maboksi kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na asubuhi ukitoka pale njaa inauma mpaka miguu inatetemeka. Kazini tulikuwa na mama mmoja Mvietnam, mtu mzima, ameshakaa Marekani miaka mingi, wote tulimheshimu maana alikuwa mdogo wa umbo lakini kazi anatushinda. Siku moja aliniona nimekaa kwenye ngazi nakula mkate mkavu, hakusema kitu, akaniita kwa mkono tu nimfuate. Akanipeleka sehemu ya pho, zile supu zao, Houston zipo kila kona maana Wavietnam ni wengi sana hapa, na asubuhi saa moja unakuta pameshajaa. Bakuli likaja mbele yangu, mvuke ukanipiga usoni, na mimi mtu wa Tanga nikashtuka kwasababu ile harufu ilikuwa ya pilau. Kweli kabisa, mdalasini, karafuu, iliki, na kile kiungo chao chenye umbo la nyota, vyote vimechemshwa na mifupa ya ng'ombe usiku kucha. Nilikuwa na miezi mitatu sijasikia harufu hiyo.

Mezani kulikuwa na chupa mbili, moja nyeusi na moja ya jogoo. Mimi nikanyoosha mkono niminye ya jogoo kwenye supu kama tunavyofanya nyumbani, yule mama akanishika mkono. Akachukua kisahani kidogo, akachora mstari wa ile nyeusi, pembeni akachora mstari wa ile nyekundu, akavichanganya kidogo kwa ncha ya kijiti, akawa anachovya nyama humo. Supu yenyewe akainywa kwanza hivihivi bila kitu. Akanieleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba aliyepika hii supu kakesha nayo, onja kwanza kazi yake ndo uongeze ya kwako. Toka siku ile nakula hivyo, na ndo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeinunua, usiimwage juu ya chakula kabla hujajua chakula kina nini.

Sasa ladha. Kinachotangulia ni kitunguu saumu, tena kibichi kabisa, kinapanda puani. Nyuma yake unakuja utamu, alafu uchachu wa siki, na moto unakuja mwisho, unakaa nyuma ya ulimi dakika mbili tatu alafu unaondoka bila kukuacha unalia. Wale mliozoea pilipili mbuzi mnaweza kuona kama haiwashi kitu, na ni kweli haiwashi hivyo, imetengenezwa na jalapeno zilizoachwa shambani mpaka zikawa nyekundu, na jalapeno kwa sisi watu wa pwani ni pilipili ya kawaida tu. Lakini uzuri wake upo hapohapo, unaweza kuweka nyingi ukasikia ladha ya pilipili yenyewe, ule utamu wa tunda lililoiva, badala ya kusikia moto peke yake. Mama yangu pale Ngamiani anatengeneza pilipili ya kusaga, pilipili mbuzi, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, anasaga, anaanika juani siku kadhaa, anaweka kwenye vichupa vilivyotumika anavyovichemsha kwanza, anawauzia majirani na dada mmoja anayekaanga bajia. Ile ukiweka tone moja linatosha sahani nzima. Hizi mbili hazishindani, kila moja ina kazi yake.

Soma kibandiko utaona orodha ni fupi. Pilipili ndo ya kwanza, alafu sukari, chumvi, kitunguu saumu, siki, vihifadhi viwili na kitu cha kuifanya iwe nzito isitiririke. Hamna rangi. Chilisosi nyingi za bei rahisi ukisoma nyuma unakuta maji ndo ya kwanza, alafu unga wa mahindi na rangi, pilipili yenyewe inatajwa kwa mbali huko mwisho. Hii pilipili ndo ya kwanza na hawatumii pilipili kavu wala unga wa pilipili, wanasaga mbichi. Wanafanya hivyo msimu wa mavuno tu, wanasaga za mwaka mzima na kuzihifadhi kwenye mapipa makubwa ya bluu, alafu wanachota humo kidogokidogo kutengeneza sosi mpaka msimu mwingine ufike. Kwahiyo mavuno yakiharibika mwaka huo ndo imetoka, hawana pa kukimbilia. Shikeni hilo.

Mwenyewe anaitwa David Tran. Hapa naomba mnivumilie maana kwangu huwezi kuisifia hii sosi ukamwacha huyu mzee nje, na kuna kipindi habari zake ndo zilinifanya niamke kwenda kazini.

Amezaliwa 1945 Vietnam, kwenye mkoa wa Soc Trang, mwaka wa jogoo kwa kalenda yao, na ndo maana ya yule jogoo. Yeye ni Mvietnam wa asili ya Kichina. Mwaka 1975 vita ilipoisha na kaskazini wakachukua nchi, kaka yake alikuwa analima pilipili, bei ya pilipili mbichi haieleweki leo ipo kesho haipo, David akaona afadhali azisage awe na kitu kinachokaa. Vyombo vya kuwekea hana. Akatumia vichupa vya chakula cha watoto vya Wamarekani, wanajeshi walikuwa wameondoka vichupa vimebaki, wakaviosha wakajaza pilipili, ndugu wakawa wanasambaza kwa baiskeli na pikipiki. Niliposoma hapo kwenye vichupa nilimpigia mama simu saa hiyohiyo. Nikamwambia shikamoo mama, kuna mtu kaanza kama wewe. Akasema marahaba mwanangu, kaanzaje? Nikamwambia na vichupa vilivyotumika. Akanyamaza kidogo akaniuliza, alikuwa anavichemsha? Nikamwambia bila shaka alivichemsha. Akasema basi huyo ni mtu wa kazi.

Mwisho wa 1978 wakaondoka. Serikali mpya ilikuwa inawabana watu wa asili ya Kichina, wengi walitoka kwa njia ya bahari na wengi sana walifia humo. Familia yake iligawanyika kwenye vyombo tofauti ili ikitokea la kutokea wasiishe wote, hebu fikiria baba mzima unakaa chini kugawa watoto na ndugu zako kwa hesabu hiyo. Yeye alipanda meli ya mizigo ya Kitaiwan inaitwa Huey Fong, ikafika maji ya Hong Kong Desemba na watu zaidi ya 3,000 ndani, wakakataliwa kushuka karibu mwezi mzima, wamekaa juu ya meli Krismasi na mwaka mpya ukawapita humohumo. Walikuja kuruhusiwa Januari 1979. Alikuwa na wakia 100 za dhahabu, akiba ya familia, amezificha ndani ya makopo ya maziwa mazito. Alikaa kambini miezi kama nane alafu Marekani ikampokea, akapelekwa Boston.

Boston ni baridi na pilipili nyekundu hamna. Shemeji yake alikuwa Los Angeles akamwambia huku zipo, Januari 1980 akahamia, na mwezi wa pili tu akafungua biashara mtaa wa Wachina, jengo dogo la Spring Street. Aliomba mkopo benki wakamnyima, akatumia hela ya familia, dola 50,000 hivi. Alikuwa anasaga mwenyewe, anajaza mwenyewe, anabandika vibandiko mwenyewe, anapakia kwenye gari lake la bluu la Chevy, anazungusha kwenye maduka ya Waasia na vibanda vya pho. Kampuni akaipa jina la ile meli.

Jina la meli! Watu wengi wakitoka kwenye shida wanataka wasiikumbuke, na siwalaumu hata kidogo, mimi mwenyewe kuna nyumba niliyoishi Houston mwaka wa kwanza siwezi kupita mtaa wake. Yeye kila chupa inayotoka kiwandani imeandikwa jina la chombo kilichomtoa. Mimi hilo linanigusa kila nikiishika.

Na kitu kingine wengi wanakiruka, huyu mzee wateja wake wa mwanzo hawakuwa Wamarekani. Alikuwa anawatengenezea wenzake, wakimbizi wanaokula pho ya ugenini haina pilipili inayofanana na ya nyumbani. Alijua watu wake watataka pilipili yao ya kutia kwenye pho. Wamarekani walikuja wenyewe baadaye kwa kuonja mezani. Mpaka leo kampuni haiweki tangazo, si tivii si redio si barabarani. Jina la Sriracha lenyewe hakulisajili liwe lake maana si lake, linatoka mji wa Si Racha, Thailand, pwani kule, na Wathai wana ya kwao ya zamani kuliko hii, nyepesi na tamu zaidi. Kwahiyo makampuni makubwa yote yakaingia na Sriracha zao, Tabasco anayo, Heinz anayo, na yeye kila akiulizwa hajawahi kulalamika, anahesabu kwamba wanamtangaza bure. Alichosajili ni jogoo na kifuniko cha kijani. Hivyo ndo vya kuangalia dukani, kama hauoni jogoo na jina la Huy Fong basi unanunua kitu kingine, kinaweza kuwa kizuri lakini si hiki ninachokiongelea.

Kutoka pale Chinatown akaenda Rosemead, karibu na Los Angeles, miaka ya themanini, baadaye akachukua na jengo la waliokuwa wanatengeneza frisbee na hula hoop, vile vitu vya kuchezea, alafu wakajenga Irwindale, kiwanda cha futi za mraba 650,000. Mashine nyingi za mwanzo alizichomelea kwa mkono wake. Mwaka 2012 walitoa chupa kama milioni 20. Jarida la Forbes likamtaja 2023 kuwa bilionea wa dola, bilionea wa kwanza Marekani aliyetajirika kwa sosi ya pilipili. Na muda wote huo lengo lake alilolisema mara nyingi ni lilelile, sosi ya tajiri kwa bei ya maskini. Miaka na miaka bei ya jumla alikuwa haigusi.

Hapa Texas tulikaribia kumpata. Mwaka 2013 ule mji wa Irwindale ulimshtaki, wakazi walisema harufu ya pilipili inawachoma macho na koo msimu wa kusaga, hakimu akaamuru sehemu ya kazi isimame. Waliowahi kukaanga pilipili ndani ya chumba cha kupanga mnajua wakazi wanaongelea nini. Wanasiasa wa Texas wakapanda ndege kwenda kumbembeleza ahamishie kiwanda huku. Lakini Mei 2014 mji ukafuta kesi, yeye akabaki palepale. Akafungua milango watu waingie waone wenyewe kinachofanyika mle ndani.

Mpaka hapo mtasema namsifia tu. Hapana, kuna sehemu inaniuma, na bila kuisema hii riviu itakuwa nusu.

Toka 1988 pilipili zake zilikuwa zinatoka kwa mkulima mmoja, Craig Underwood wa Underwood Ranches. Walianza na ekari 50 tu, miaka 28 baadaye zimefika karibu 2,000, mkulima analima kwa ajili ya mtu mmoja na mtu mmoja anasaga za mkulima mmoja. Kila mmoja alimfanya mwenzake kuwa tajiri. Alafu baada ya msimu wa 2016 wakagombana kwa hela na mikataba, wakaachana, wakaenda mahakamani, na 2019 juri la Ventura, hukohuko California, likampa ushindi mkulima, dola milioni 23.3. Kampuni ikakata rufaa ikashindwa. Sasa hapo mimi sijui ya chumbani kwao lakini mahakama imeshasema, na nikiangalia ule ushirikiano wa miaka 28 ulivyoishia najisikia vibaya kama vile ni ndugu zangu waliogombea shamba. Mkulima sasa anatengeneza sosi yake mwenyewe ina picha ya dragoni. Kampuni ikaanza kununua pilipili kwingine, nyingi zikawa zinatoka Mexico.

Na mmeshikilia nilichosema kuhusu mavuno? Mexico kaskazini ukaja ukame. Mwaka 2022 kampuni ikawaandikia wateja wa jumla kwamba haitopokea oda mpya mpaka baada ya mwezi wa tisa, 2023 hali ikawa mbaya zaidi, na 2024 wakasimamisha tena kwasababu pilipili zilikuja za kijani mno na zingebadilisha rangi ya sosi. Hilo la mwisho watu walilalamika sana, mimi nililipenda. Mtu kapata pilipili, angeweza kutia rangi nyekundu akauza na wengi tusingejua. Akafunga mashine akasubiri ziive.

Lakini kipindi kile tulipata tabu. Sehemu za pho chupa zikaondolewa mezani, unaomba jikoni unaletewa kijiko kimoja kwenye kisahani. Kwenye mtandao watu wakawa wanauza chupa moja bei ya chakula cha wiki. Mimi nilinunua mbili duka moja la mtaani kwetu kwa dola 26 kila moja, nimefika nyumbani nafungua nakuta maji mekundu yanatiririka kama juisi, kitunguu saumu hamna, jogoo kwenye chupa anaangalia upande mwingine, na kibandiko kimebandikwa juu ya kibandiko. Nilirudi mwenye duka akanikatalia katakata. Dola 52 kwa mtu wa shifti ni hela nyingi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nazinunua kwa safari.

Kwasababu nilikuwa naenda Tanga, mara ya kwanza toka nitoke. Ikabidi nimuulize yule mama wa weahausi, tayari alikuwa ameshastaafu lakini simu yake ninayo. Akaniambia njoo. Nikaenda kwake, akafungua kabati chini ya sinki, chupa zimepangwa kama askari, alikuwa amejiwekea. Akanipa moja. Nikataka kulipa akanirudishia mkono, akasema peleka kwa mama yako. Niliifunga kwenye khanga mbili na mfuko wa nailoni juu, nikaiweka katikati ya begi.

Mama alikaanga mihogo jioni ileile na changu wawili. Nikamuonyesha kichupa, akakigeuzageuza, akamwangalia jogoo, akauliza hii herufi ya nini, nikamwambia ni Kivietnam. Akaminya kidogo kwenye ncha ya kidole akalamba. Akakaa. Akasema, "Kitunguu saumu amekitia vizuri. Sukari imezidi. Pilipili yake ameiacha ikaiva." Alafu akachovya muhogo, akala, akachovya tena. Akaniambia "haijawasha hii, lakini tamu, watoto watakula." Na kweli watoto wa dada yangu walikaribia kuimaliza kabla sijaondoka, robo tu ilibaki, ile robo mama akaikatalia akaifungia kabatini.

Sukari imezidi, hapo nakubaliana na mama. Kwenye nyama choma na mishkaki utamu ule unafaa kwasababu unashika kwenye moto na kutoa rangi nzuri, lakini kwenye samaki wa kupaka au mchuzi wa nazi inaharibu, usijaribu. Kwa anayekula chakula cha chumvi kidogo pia aangalie, inaonekana ndogo lakini ukiminya minya inafika. Na ile ncha ya kifuniko ukikaa wiki bila kuitumia sosi inakauka ndani, ukiminya kwa nguvu inakurukia shati zima, ifungue uioshe na maji ya moto kwanza.

Zaidi ya hapo ninavyoitumia mimi ni hivi. Mayai ya kukaanga asubuhi, mstari mmoja tu. Chips mayai ukiwa nazo zikiwa bado moto. Wali wa jana unaoukaanga na kitunguu, kijiko kimoja pamoja na soya sosi unazima moto unageuza mara mbili. Mishkaki naloweka na ndimu, tangawizi na vijiko vitatu vya hii, masaa manne yanatosha. Nachanganya na mayonezi kwa ajili ya viazi, hiyo wageni wote wanaiulizia. Na kama unataka iwake kama ya nyumbani saga pilipili mbuzi mbili na ndimu uchanganye na nusu kikombe chake, hapo unapata ule mwili wa pilipili iliyoiva na moto wa kwetu pamoja, ndo nayoipenda kuliko zote. Yule mama Mvietnam nilimpelekea kichupa cha mchanganyiko huo na sasa hivi ananiagizia.

Wanaoniuliza kama ladha imebadilika toka waachane na yule mkulima, ulimi wangu unaniambia ndio kidogo, zamani ilikuwa nzito zaidi na nyekundu iliyokolea, sasa unaweza kukuta chupa moja imekolea nyingine imefifia. Inategemea pilipili za mwaka huo. Bado naiweka juu ya zote nilizoonja, na nimeonja nyingi, pamoja na ya dragoni ambayo ni nzuri pia na sitamkataza mtu.

Ukinunua chukua chupa kubwa, ile ya wakia 28, kwenye supamaketi za Waasia unaipata kwa bei nzuri kuliko kwingine, ya mwisho mimi nimelipa dola 6 na senti kadhaa. Angalia tarehe iliyochapwa kwenye chupa, na angalia rangi, ikishaanza kuwa kahawia imekaa sana dukani, haina madhara lakini kitunguu saumu kimeshakufa. Angalia jogoo vizuri. Iweke mahali penye ubaridi mbali na jiko, friji si lazima. Na kama unaenda nyumbani, funga na khanga mbili siyo moja, begi la uwanja wa ndege wanalirusha.